Sura ya 6: Nani Anakula Muda?

Mwite mwandishi yeyote wa programu, mwoneshe programu yake inayojikokota, kisha muulize tatizo liko wapi. Atakujibu papo hapo. Atakutajia kipande cha msimbo anachokionea aibu, kile alichokiandika usiku wa manane siku ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi. Atakifungua, atakifumua na kukisuka upya kwa siku mbili. Akimaliza ataiendesha programu, nayo itajikokota vilevile.

Hakudanganya. Alishuku tu, na kushuku si kupima. Muuza duka akiona fedha zinapungua anaweza kumshuku kijana wa kaunta, lakini asipofungua daftari ataishia kumfukuza asiyehusika. Programu nayo ina daftari lake la muda. Katika sura hii tutajifunza kulifungua kwa amri mbili na kulisoma bila kudanganyika, kwa sababu daftari la kweli likisomwa vibaya hupotosha kuliko kutokuwa na daftari kabisa.

Waliochakura kwenye mapipa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitaka kujua programu za watu wa kawaida zinafananaje. Hakuzitaka zile nzuri za vitabuni. Alitaka zile ambazo watu huziandika kweli, kwa lugha ya FORTRAN. Yeye na wenzake walianza hata kuchakura mapipa ya taka ya kituo cha kompyuta wakitafuta karatasi za programu zilizotupwa. Baadaye walipata programu nyingi kwa njia nyingine, wakaziwekea vihesabio vya kuonesha kila mstari umetekelezwa mara ngapi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kwa kawaida, chini ya asilimia 4 ya programu ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya muda wake wote. Katika programu ya mistari 1,000, hiyo ni mistari isiyozidi 40. Ukikisia tu, nafasi ya kuangukia mistari hiyo ni ndogo. Ukiipata, kazi yako yote imo humo, na ile 960 iliyobaki unaweza kuiacha ilale.

Kifaa kinachokuonesha mistari hiyo huitwa profaila, na ripoti yake ni profaili. Kila lugha ya programu ina profaila zake. Hapa nitatumia ya Python kwa sababu wanafunzi wengi huanzia huko, na kwa sababu haihitaji kupakuliwa. Moduli ya cProfile imo ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, na humo yumo pia mwenzake pstats, ambaye kazi yake ni kuyasoma yaliyoandikwa.

Amri mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Una faili la maandishi ya Kiswahili lenye maneno 400,000, tuseme habari za magazeti zilizokusanywa pamoja. Unataka orodha ya maneno yote tofauti yaliyomo, kila neno mara moja tu. Kiswahili ni lugha ya viambishi. Anasoma, alisoma, atasoma, wamesoma, hawajasoma: kwetu ni kusoma kule kule, ila kwa kompyuta kila moja ni neno jingine. Kwa hiyo orodha haitakuwa fupi. Tuseme inafika maneno 45,000.

Programu yako inaitwa maneno.py na ina fanksheni tano. Ya kwanza, anza, huwapa wengine kazi. Ya pili, soma, hufungua faili. Ya tatu, safisha, hupokea neno moja, hulivua koma na nukta, na kulifanya liwe la herufi ndogo. Ya nne, kusanya, hupitia maneno yote, huita safisha kwa kila neno, na kuweka pembeni lile ambalo halijawahi kuonekana. Ya tano, andika, hupanga maneno kwa alfabeti na kuyahifadhi.

Inachukua sekunde 40. Unashuku nani? Wengi watanyoosha kidole kwa safisha. Inaitwa mara 400,000, na kila mara inashika herufi za neno. Hebu tupime. Fungua dirisha la amri, uandike:

    python -m cProfile -o maneno.prof maneno.py

Programu itafanya kazi yake kama kawaida, taratibu kidogo zaidi ya siku zote, kwa sababu sasa kila fanksheni inapoingia na kutoka kuna karani mlangoni anayeandika saa. Ikimaliza, utakuta faili jipya, maneno.prof. Usijaribu kulifungua kwa kihariri cha maandishi, maana utaona vibambo visivyosomeka. Limeandikwa kwa ajili ya kompyuta, na msomaji wake ni huyu:

    python -m pstats maneno.prof

Hapo dirisha litabadilika. Alama ya kusubiri itakuwa jina la faili lako likifuatiwa na alama ya asilimia. Umeingia ndani ya daftari, na humo unauliza maswali kwa maneno mafupi. Neno stats huonesha jedwali. Neno sort hupanga. Ukiandika stats bila kupanga kwanza, fanksheni hutokea ovyo ovyo, na kwa programu kubwa utamwagiwa mamia ya mistari. Kwa hiyo anza hivi:

    sort cumtime
    stats 10

Maana yake: panga kwa muda wa jumla, nioneshe kumi za juu. Jedwali la programu yetu, nikiondoa safu mbili za wastani na mistari isiyo ya fanksheni zetu tano, litafanana na hili:

    ncalls    tottime   cumtime   fanksheni
         1      0.001    40.303   anza
         1     39.846    40.155   kusanya
    400000      0.210     0.303   safisha
         1      0.085     0.085   soma
         1      0.062     0.062   andika

Fundi na saidia fundi

Safu ya kwanza, ncalls, ni idadi ya miito. Wakati mwingine utaona namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 15/1. Hiyo ni fanksheni inayojiita yenyewe: imeingiwa mara 15 kwa jumla, ila ni mara 1 tu ilipoitwa kutoka nje.

Ugumu uko kwenye safu mbili zinazofuata. Ukizichanganya, jedwali zima litakusomea uongo.

Nenda kwenye nyumba inayojengwa. Fundi amefika saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Ukiuliza kazi ya ukuta huu ilichukua saa ngapi chini ya fundi huyu, jibu ni siku nzima. Lakini katika siku hiyo saidia fundi ndiye aliyekoroga udongo, akabeba tofali, akachota maji. Ukiuliza mikono ya fundi mwenyewe ilishika mwiko kwa saa ngapi, jibu ni jingine kabisa.

Safu ya cumtime ni swali la kwanza: tangu fanksheni ilipoingia hadi ilipotoka, pamoja na wote iliowatuma. Safu ya tottime ni swali la pili: muda wa mikono yake yenyewe, ukiondoa wa wasaidizi.

Rudi sasa kwenye jedwali. Fanksheni ya juu kabisa ni anza, yenye sekunde 40.303 za cumtime. Msomaji asiyejua ataivamia. Lakini tottime yake ni 0.001. Huyu ni msimamizi aliyekaa kivulini siku nzima. Kila kitu kimefanyika kwa jina lake, yeye hakugusa tofali. Fanksheni ya kuanzia huwa juu ya jedwali katika kila programu duniani, na kumlaumu yeye ni kulaumu mlango kwa sababu wezi walipitia hapo.

Mtazame mshukiwa wetu, safisha. Ameitwa mara 400,000, namba ya kutisha kuliko zote mle ndani. Jumla ya muda wake, pamoja na wasaidizi wake wa kukata na kupunguza herufi, ni sekunde 0.303. Hata ungetumia wiki nzima ukamfanya awe na kasi maradufu, ungeokoa sekunde 0.15 kati ya 40, chini ya nusu ya asilimia moja. Mtumiaji wako asingejua kama kuna kilichofanyika. Wingi wa miito si wingi wa muda. Ni mchwa na tembo: mchwa ni wengi, ila aliyevunja ukuta ni tembo.

Tembo ni kusanya. Kaitwa mara moja tu, wala hakuna aliyemshuku. Tottime yake ni 39.846, karibu sawa na cumtime yake. Zikikaribiana hivyo, maana yake hakuna msaidizi wa kusingizia. Mikono ni yake.

Kile ambacho jedwali halisemi

Hapa wengi hukwama. Wanafungua kusanya na kukuta mistari michache isiyo na kosa lolote la kuonekana:

    neno = safisha(neno)
    if neno not in orodha:
        orodha.append(neno)

Profaila hii huandika fanksheni, haiandiki mistari. Imekuambia nyumba, haikukuambia chumba. Kitendo cha kuuliza kama neno limo kwenye orodha hakiitwi kwa jina kama fanksheni, kwa hiyo hakipewi mstari wake kwenye jedwali; muda wake wote unaingizwa kwenye tottime ya mwenye nyumba. Kuanzia hapa ni kazi ya kichwa chako.

Basi fikiri. Python ikiulizwa kama neno limo kwenye orodha, huanza la kwanza, la pili, la tatu, hadi ilipate au ifike mwisho. Neno jipya halimo, kwa hiyo daima hufika mwisho. Neno la 45,000 likifika, linalinganishwa na yote 44,999 yaliyotangulia. Jumlisha kwa maneno mapya peke yake: ulinganisho unapita bilioni moja. Mstari mmoja wenye maneno mawili ya Kiingereza yasiyo na madhara, not in, ndio uliokula sekunde zako.

Dawa yake ni seti. Seti hulipiga neno hesabu, ikapata namba, na namba hiyo ikaelekeza kisanduku. Ni kama masanduku ya posta: mwenye S.L.P. 712 haanzi kukagua kisanduku namba 1, huenda moja kwa moja kwenye chake. Badilisha orodha iwe seti, badilisha append iwe add, na umemaliza. Herufi zilizobadilika zinahesabika kwa vidole. Pima tena, na programu yetu ya mfano itamaliza kwa nusu sekunde na kidogo.

Sasa angalia jambo la kufurahisha. Kwenye jedwali jipya, ukipanga kwa tottime, safisha na sekunde zake 0.210 ndiye anayeongoza. Yule uliyemshuku mwanzo amekuwa mkosaji wa kweli, ila kwa sababu tu tembo ametolewa. Kila ukitoa aliye mkubwa, aliyemfuata huwa mkubwa. Kazi hii haina mwisho wa asili, kwa hiyo lazima uuweke mwenyewe: amua kabla ya kuanza ni kasi gani inatosha, na ikifika, funga daftari. Orodha inayopatikana kwa nusu sekunde haihitaji shujaa.

Nani kamtuma?

Katika mfano wetu, kusanya alikuwa na mlango mmoja. Programu kubwa haziko hivyo. Utakuta fanksheni moja ya kusoma hifadhidata imekula nusu ya muda, nayo imeandikwa vizuri tu, ila kuna mahali inaitwa mara elfu wakati ingetosha mara moja. Hapo kosa haliko kwa anayefanya kazi, liko kwa anayetuma. Ndani ya pstats uliza:

    callers safisha
    callees kusanya

La kwanza hukupa waliomwita, na kila mmoja kamwita mara ngapi. La pili hukupa aliowaita yeye. Kwa maneno hayo mawili unaweza kupanda na kushuka ngazi yote ya programu bila kufungua msimbo.

Uwezo huu tunauchukulia poa leo, lakini kuna waliouhangaikia. Profaila za zamani za Unix zilitoa orodha bapa: fanksheni fulani, muda fulani, basi. Programu zilipoanza kugawanywa katika vipande vidogo vidogo, muda ulitawanyika kwenye fanksheni nyingi ndogo hadi hakuna iliyoonekana kubwa, na orodha bapa ikakosa la kusema. Mwaka 1982, Susan Graham, Peter Kessler na Marshall Kirk McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza chombo chao, gprof, kilichochukua muda wa saidia fundi na kuurudisha kwenye hesabu ya fundi aliyemtuma. Safu ya cumtime unayoisoma leo inafuata wazo hilohilo.

Dakika sita za kusubiri

Usidhani kosa la kukagua orodha kimoja kimoja ni la wanafunzi. Mchezo wa kompyuta wa GTA Online ulikuwa maarufu kwa jambo moja lisilopendeza: ukiufungua, unaweza kwenda kupika chai. Mwaka 2021 mchezaji mmoja anayejiita t0st alichoka kusubiri dakika kama sita. Hakuwa na msimbo wa mchezo. Alichofanya ni kuutazama kwa profaila ukiwa unafunguka.

Muda mwingi ulikuwa unakwenda kwenye sehemu mbili. Mchezo ulikuwa unasoma faili la megabaiti 10 lenye orodha ya vitu vya kununua, kama 63,000. Katika kulisoma, kila hatua ndogo ilisababisha urefu wa maandishi yote yaliyobaki kupimwa upya. Kisha, kabla ya kuhifadhi kila kitu, ulikagua orodha yote iliyotangulia, kimoja kimoja, kuhakikisha hakimo. Piga hesabu: ulinganisho karibu bilioni mbili. Ni ndugu wa damu wa kusanya yetu. Aliporekebisha sehemu hizo mbili, dakika sita zikawa chini ya dakika mbili. Rockstar, kampuni yenye mchezo huo, ilithibitisha ugunduzi wake, ikaweka marekebisho, na kumlipa dola 10,000.

Mamilioni ya watu walikuwa wameuona ucheleweshaji ule. Wengi walikuwa na maelezo: mchezo ni mkubwa, intaneti ni ndogo, kompyuta ni kuukuu. Aliyepata jibu ni aliyepima.

Karani naye ana gharama

Neno la tahadhari kabla hatujafunga. Karani wa cProfile anasimama kwenye kila mlango, na kuandika kwake kunachukua muda. Fanksheni ndogo inayoitwa mara milioni itaonekana nzito kuliko ilivyo, kwa sababu muda wa karani umeongezwa juu yake. Kwa hiyo tumia jedwali kujua nani ni mkubwa kuliko nani, usilitumie kutangaza kwamba programu yako inachukua sekunde fulani. Kwa hilo kuna moduli nyingine, timeit.

Pia, saa ya cProfile kwa kawaida ni saa ya ukutani. Programu ikisubiri jibu kutoka seva ya mbali, kusubiri huko kutahesabiwa. Ukiona muda mwingi umeangukia fanksheni ya kupokea data mtandaoni, usikimbilie kuharakisha hesabu zako. Prosesa yako ilikuwa imekaa bure.

Na ikiwa huwezi kuweka karani kila mlango, kuna njia ya sampuli: chombo huchungulia programu mara nyingi kwa sekunde na kuandika alichokikuta kikifanyika. Anayekutwa mara nyingi ndiye anayekula muda. Linux ina chombo cha aina hiyo, perf, tangu mwaka 2009. Nacho kina amri mbili, perf record ya kuandika na perf report ya kusoma. Majina yamebadilika, ila maswali ni yaleyale: nani ameshika kazi kwa mikono yake, na nani kamtuma?

Basi ukikutana na programu nzito, usiguse mstari hata mmoja kwanza. Andika kwenye karatasi jina la unayemshuku. Endesha amri mbili. Panga kwa cumtime uone kazi imepita wapi, kisha panga kwa tottime uone imefanyikia wapi. Linganisha na karatasi yako. Mara nyingi utalichana jina hilo, na siku mbili zako zitakuwa zimesalimika.

Wala usione haya. Knuth na wenzake, waliowafundisha watu wote somo hili, walikuwa hawajaipima programu yao wenyewe ya kupimia. Walipoipima, walikuta zaidi ya nusu ya muda wake umo katika vitanzi viwili. Wakavirekebisha kwa kazi ya muda mfupi, na kasi yake ikawa maradufu.